Liwali Alipotaka Nimletee Adui

Nimeshitakiwa mara moja tu maishani, na kwa kosa ambalo lilihitaji mtu atoke nje ya nyumba yake. Yeyote aliyenijua angecheka mpaka akae chini. Shida ilikuwa kwamba mahali pale hapakuwa na aliyenijua.

Nilikuwa mwalimu Newala, miaka ile ya mwisho mwisho ya Mwingereza. Kwetu ni Masasi, chini ya majabali, katika ukoo wa Wamakua wa kanisani. Nilisoma sekondari ya misheni, nikamaliza, nikapelekwa juu, kwenye uwanda wa Makonde, kufundisha hesabu na jiografia. Nyumba niliyopewa ilikuwa ya mwisho kabisa, pale ambapo njia ya bondeni huanza kuteremka. Walimu wawili walikuwa wamekwisha kuikataa kwa upweke wake. Mimi niliipenda kabla sijafungua mlango.

Watu wengine wana vipaji vya ngoma, wengine vya biashara. Mimi nina kipaji cha kukaa ndani. Nikitoka shule nilirudi moja kwa moja, nikavua viatu, nikawasha stovu yangu ya mafuta ya taa, nikachemsha chai, nikasoma gazeti la majuma matatu yaliyopita kana kwamba ndiyo kwanza limefika. Jumamosi nilishona vifungo. Jumapili kanisani nilikaa karibu na mlango ili niwe wa kwanza kutoka. Wanafunzi waliniita Konokono, wakidhani sijui. Nilijua, wala sikuona tusi liko wapi. Konokono hajawahi kufika mahali akakumbuka kwamba kitanda kakiacha nyumbani.

Jirani yangu alikuwa mmoja, Mmakonde mwenye shamba la muhogo na mikorosho, na kicheko kilichovuka ua kabla yake. Alinizidi umri kidogo, lakini Mmakua na Mmakonde ni watani, na kwa watani shikamoo huja baada ya matusi.

"Mmakua!" angeita akiwa upande wake wa ua. "Bado u hai? Naomba ukifa utoe sauti, tusije tukajua kwa harufu."

"Harufu mtaijulia wapi," ningejibu kutoka ndani, "watu wanaooga sikukuu kwa sikukuu?"

Hapo angecheka mpaka mbwa wake abweke. Mimi ningefunga dirisha. Nakiri sikumpenda sana; nilimwona ni kelele iliyovaa shati. Lakini sasa nikihesabu maneno niliyosemeshwa mwaka ule nje ya darasa, naona mengi yalikuwa matusi yake.

Lile la kuoga lilikuwa na chanzo chake. Juu kule hakuna mto wala kisima cha maana. Tangu enzi na enzi wanawake wa Makonde walishuka bondeni alfajiri na kupanda na mitungi kichwani jua likiwa limekwisha kuwa kali. Kisha serikali ikaweka pampu kule chini, ikavuta mabomba mpaka juu, na siku maji yalipotoka bombani palipigwa vigelegele ambavyo hata mimi nilivisikia, nikiwa ndani, dirisha likiwa limefungwa.

Basi siku moja, msimu wa mabibo, bomba likakohoa likakauka. Fundi wa pampu alipanda kutoka bondeni amefura kwa hasira. Kulikuwa na mrija wa shaba kwenye injini, si mrefu, kama mkono wa mtu mzima. Umekatwa, umekwenda. Hakuna aliyeuliza umekwenda kufanya nini. Mabibo yalikuwa yamejaa chini ya mikorosho, na kila mtu alijua kwamba pombe kali ya mabibo, ile nipa iliyokatazwa na serikali, ikipitishwa kwenye mrija wa shaba hutoka safi kuliko ikipitishwa kwenye mwanzi. Mtu mmoja alikuwa ametaka nipa nzuri, na wilaya nzima ikarudi kwenye mitungi.

Wanawake wakaanza tena kupita mlangoni kwangu alfajiri, wakishuka. Walimlaani mwizi kwa Kimakonde, taratibu, wakianza na miguu yake na kupanda juu. Mimi kitandani niliwaunga mkono.

Siku ya tatu walikuja askari wa liwali kupekua. Walianza na nyumba za sisi wageni, na sikuona ajabu. Mwenyeji haibi maji yake mwenyewe. Walikuwa wawili, wenye adabu. Waliinua godoro, wakafungua sanduku, mmoja akasifu vifungo vyangu. Kisha wakaenda nyuma, jikoni.

Huko nyuma nilikuwa na lundo la kuni. Wazazi wa wanafunzi walikuwa na desturi ya kumletea mwalimu kuni, na kumwambia mzazi kwamba napikia stovu kungekuwa sawa na kumrudishia heshima yake usoni. Basi nilipokea, nikashukuru, nikarundika. Lundo lilikuwa limefika kiunoni, na mijusi wamezaliana humo. Askari walilivuta gogo kwa gogo. Chini kabisa palikuwa na kipande cha gunia, na ndani ya gunia mrija wa shaba.

"Mwalimu," askari mmoja aliuliza, "hiki ni nini?"

"Mrija," nikajibu. Ualimu ni ugonjwa. Ukiulizwa swali unalolijua, hujiulizi kwanza kama ni heri unyamaze.

Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, alikuwa safarini upande wa Ruvuma, na aliacha neno kwamba mambo madogo liwali ayamalize mwenyewe. Kwangu halikuwa dogo. Mwalimu akitiwa hatiani hupoteza kazi siku hiyohiyo, na jela ya wezi ilikuwa Lindi, chumba kimoja watu thelathini. Watu wengine huogopa jela kwa sababu ya kazi ngumu. Mimi niliogopa wale thelathini.

Baraza lilikuwa limejaa. Liwali alikuwa mtu wa pwani, mzee mwenye ndevu nyeupe zilizokatwa vizuri na sauti ya mtu aliyekwisha kusikia kila kitu. Mrija ulikuwa mezani mbele yake, juu ya gunia lake.

"Umelisikia shitaka?"

"Nimelisikia, bwana liwali."

"Unasemaje?"

"Nimewekewa."

Sijawahi kuchekesha watu wengi namna ile, wala kabla wala baada. Hata askari wangu wawili waligeuka wakatazama ukuta. Ni baadaye nilipoelezwa kwamba kila mtu aliyesimama pale mahali tangu baraza lijengwe alikuwa amewekewa. Aliyekutwa na mbuzi wa mwenziwe kawekewa mbuzi, tena kafungiwa kamba na kupewa majani. Aliyekutwa na mtungi wa nipa kawekewa, na moto chini yake kawashiwa. Neno lilikuwa limechakaa kama sarafu iliyopita mikono mingi mpaka kichwa cha mfalme kikafutika. Mimi nililitoa mfukoni nikidhani ni jipya, kwa sababu lilikuwa kweli.

Liwali hakucheka. Alisubiri wanyamaze.

"Mwalimu, hapa watu huwekewa kila juma. Sikatai, huenda mmoja katika hao ni kweli. Lakini mkono uliokuwekea una mwenyewe. Ni nani?"

"Simjui, bwana."

"Adui yako ni nani?"

Nikafikiri. Niliwaza kwa dhati, kama mwanafunzi mbele ya ubao. Sikupata.

"Una mke? Pengine umemwacha na ndugu zake wana kinyongo."

"Sijaoa."

"Mke wa mtu?"

Nyuma yangu sauti ya mwanamke ilisema, "Huyo? Angemtoa wapi, chini ya kitanda?" Wakacheka tena.

"Mpaka wa shamba?"

"Sina shamba, bwana."

"Watoto wa watu unawachapa?"

"Kwa usawa, bwana liwali."

"Hm." Alijikuna ndevu. "Mke huna, shamba huna, deni huna, ugomvi huna. Sasa nani angepoteza mrija mzuri kama huu kwa ajili yako? Mtu akiwekewa huwekewa na mtu. Nenda, mwalimu. Nakupa mpaka baraza la juma lijalo. Walete watu wako wasimame nawe, na uniletee adui. Hata mmoja."

Fundi wa pampu akainuka upesi, akauliza kama anaweza kuuchukua mrija akaurudishe kwenye injini, watu wanakufa kiu. Liwali akamwambia mrija ni ushahidi, na ushahidi hauondoki mezani mpaka shauri liishe. Hapo baraza zima likanigeukia. Sasa hawakuwa wanacheka. Niliona kwenye nyuso zao hesabu rahisi: huyu akikubali leo, kesho maji yapo.

Hesabu hiyo waliniletea mpaka mlangoni. Mama mmoja mtu mzima, mtungi kichwani, mkono kiunoni, alisimama njiani alfajiri akaniita.

"Mwalimu, shikamoo sikupi, wewe mdogo kwangu. Lakini nakuomba. Si ukubali tu?"

"Mama, sikuiba."

"Najua, labda hukuiba. Sikusema uliiba. Nasema ukubali." Akatazama njia ya bondeni. "Magoti haya, mwanangu, yalikuwa yamekwisha kustaafu."

Juma lile nilitoka nyumbani kuliko miaka miwili iliyopita ikiwekwa pamoja. Nilikuwa natafuta adui. Nilianza na mwenye duka, Mwislamu mmoja wa ukoo wa kufanya biashara, ambaye niliwahi kumwambia sabuni yake ni nyembamba. Nilimkuta anapima chumvi.

"Nikuchukie?" alisema. "Mteja anayekuja, analipa, haketi, haombi kukopa, hasimulii? Mwalimu, ningekuwa na kumi kama wewe ningejenga ghorofa." Akanipa peremende. Nilitoka pale nimevunjika moyo kabisa.

Nilimwendea mwalimu mkuu. Alitoa macho, akasema samahani, alidhani nimekwisha kuhamishwa.

Kisha nikakumbuka, na nilipokumbuka nilipata matumaini. Mwaka wangu wa kwanza, mama mmoja wa kanisani alinijia na binti yake wamebeba ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha kwenye ungo, wakaketi barazani kwangu mchana mzima. Kila mtu anajua maana ya ming'oko iliyoletwa na binti aliyevaa kanga mpya. Niliila, nikashukuru, nikasema hali ya hewa ni nzuri, wala sikupeleka neno. Hilo ni tusi. Hapo kuna kisasi, nikasema, kisasi kabisa cha kutosha kumfurahisha liwali. Nilikwenda kwa yule mama karibu nikikimbia.

Alikuwa anatwanga. Nilimwamkia, nikaanza kwa mbali, nikasogea, mpaka nikauliza kama katika nyumba ile bado kuna uchungu juu yangu.

"Uchungu wa nini, Mwalimu?"

"Wa ile siku. Ya ming'oko."

Alisimamisha mchi. Alinitazama kwa huruma niliyoiona mara moja tu, siku babu yangu aliponiita kwa jina la mdogo wake aliyefariki, na mama akamtazama.

"Ala! Ndiyo wewe? Binti aliolewa Kitangari kitambo, ana watoto wawili. Mwaka ule tulizunguka na ungo kwa walimu wote, baba. Sasa ulikuwa unafikiri tunakukumbuka?"

Nilirudi nyumbani. Kwa mara ya kwanza nyumba ilionekana kubwa.

Kwa kuwa liwali alisema nilete watu wangu, nilipanda lori la korosho nikashuka Masasi kwa mjomba. Kwetu mjomba ndiye mwenye mtu. Baba huzaa, lakini ukishitakiwa, ukioa, ukifa, anayeitwa ni kaka wa mama. Wangu alikuwa mgonjwa wa mguu, amekaa kwenye kiti nje, mguu juu ya kinu. Nikamsimulia yote. Mama yangu alisikiliza mlangoni, akiangua kilio mahali pasipofaa.

"Mpwangu," mjomba alisema nilipomaliza, "nimekwenda mabaraza mengi na watu wa ukoo huu. Walioiba, waliopiga, waliochukua wake za watu. Wote niliweza kuwatetea, maana watu walikuwa wanawajua. Ningesema, huyu ana hasira, mnamjua. Huyu ni mlevi, mnamjua. Wewe nitasemaje? Huyu ni mtu wa ndani?"

"Useme kweli."

"Kweli peke yake haisimami, inataka wa kuishika mkono. Na mguu huu hautapanda lori." Akafikiri. "Huko juu hakuna hata mtani?"

"Yupo jirani. Ana kelele."

"Mtani asiye na kelele ni maiti. Nenda kwake. Mtu akiwa ugenini hana ndugu, ana mtani. Ukifa leo Newala nani atakufukia? Ndiye huyo. Basi akufukie na sasa."

Nilirudi juu siku moja kabla ya baraza. Jirani alikuwa ameketi nje anamenya muhogo. Mkewe alikuwa ndiyo kwanza ametoka bondeni na hasemi na mtu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuvuka ule ua. Hata mbwa hakujua afanye nini na mimi.

"Mmakua amekuja!" jirani akapaza sauti. "Mama, leta kiti, leta na shahidi, siku hii isipotee!"

Nikaketi. Nikamweleza haja yangu, moja kwa moja, maana sikuwa na ufundi wa kuzunguka. Nilitaka jina la mtu anayenichukia.

"Unatafuta adui," alisema polepole, "kama wenzio wanavyotafuta mke."

"Ndiyo."

"Na huna."

"Sina."

"Miaka miwili na nusu umekaa na sisi?"

"Mitatu."

Alitazama kisu chake. Nilisubiri tusi, halikuja, na hilo lilinitisha kuliko baraza. Mkewe aliyekuwa anamimina maji mtungini akasema bila kugeuka, "Mwambie huyo mtani wako kesho aongee vizuri. Mimi yale mawe ya bondeni nimeyachoka."

"Kesho nitakuja barazani," jirani alisema. "Sasa nenda, Mmakua, usije ukazoea kiti changu."

Sikujua atakuja kusema nini. Nilidhani atasema mimi ni mpole. Nililala nikiupima upole wangu, nikaona hautoshi.

Asubuhi liwali alikuwa amechoka usoni. Alikuwa mtu wa sala tano, na nilisikia kwamba juma lile alikuwa anatawadha kwa kopo moja. Aliniuliza kama nimeleta watu. Nikasema mjomba mguu unamwuma. Adui je? Nikasema nimetafuta kila mahali, bwana. Watu wakaguna. Liwali akavuta pumzi ya kutoa hukumu, na hapo jirani yangu akasimama katikati ya watu.

"Bwana liwali, shikamoo. Adui ni mimi."

Baraza likapiga kelele. Liwali akainua mkono.

"Wewe ni jirani yake."

"Ni mtani wake, bwana, ndiyo maana. Huyu Mmakua anakaa pale ndani anatutukana kila siku kwamba sisi Wamakonde hatuogi. Siku ya pili baada ya maji kukatika nilikuwa napanda kutoka bondeni, nikauona mrija huu kichakani kando ya njia. Mwizi naona alishtuka akautupa. Mimi nikasema, ehe! Leo Mmakua nitamkomesha. Mwalimu akiwa shule, nikauzungusha gunia, nikauficha kwenye kuni zake. Nilijua jioni atapika, atauona, atatetemeka, atakuja kwangu kulia. Na mimi ningemwambia leta kuku, nitakuondolea. Halafu ningeupeleka kwa fundi. Ndiyo utani wetu, bwana, unaujua." Akaweka mikono kichwani. "Lakini kumbe mtu mwenyewe hapiki kwa kuni! Nimengoja kilio, kimya. Anakunywa chai ya stovu! Kabla sijajua la kufanya, askari hao."

Sijui nieleze vipi kicheko kile. Wazee walishikana mabega. Mama mwenye magoti alilia machozi. Maana kosa lile lilikuwa lao kabisa, kila mmoja aliona jinsi ambavyo yeye mwenyewe angelifanya: unamwekea mtani kitu kwenye kuni, na mtani, kwa uzungu wake, hana habari na kuni. Liwali aliwageukia wazee wa baraza. Waliinamiana, wakanong'ona, mmoja akaniuliza kama ni kweli huyu ni mtani wangu, na tunatukanana. Nikasema ni kweli. Hakuuliza kingine.

"Utani tunauheshimu," liwali alisema. "Mtani huchukua kuku wala hashitakiwi. Lakini maji ya watu si kuku. Wewe utafyeka na kusawazisha njia ya bondeni, peke yako, mpaka nikutumie neno kwamba imetosha. Mwalimu, nenda nyumbani. Fundi, chukua mrija wako, haraka."

Nilikuwa nimeokoka. Kazi yangu, jina langu, chumba changu kimoja chenye mtu mmoja. Na nilikuwa nimeketi pale nikijua kwamba jirani yangu amesema uongo.

Kwa sababu siku maji yalipokatika hakuwapo. Yeye na mkewe walikuwa wamekwenda Kitangari kwenye matanga ya mkwe, na walirudi asubuhi ileile askari walipokuja. Hakuna mwingine aliyefuatilia. Lakini mimi nilijua, kwa sababu siku zile upande wa pili wa ua palikuwa kimya, na nilikuwa nimeufurahia ule ukimya, nimefungua dirisha, nimesoma gazeti langu nikiona kwamba Mungu yupo. Mtu mmoja tu Newala angeweza kumpinga shahidi yule, naye ndiye aliyekuwa anatetewa. Nilimtazama mkewe kule nyuma. Alikuwa anakaza fundo la kanga yake.

Kwa siku kadhaa nilimpelekea chakula huko njiani. Alikuwa kwenye kona moja ya mteremko, panga mkononi, shati limelowa, anawatukana wapita njia wote kwa zamu. Siku ya kwanza nilikaa juu ya jiwe nikamwacha ale.

"Ulikuwa Kitangari," nikasema.

"Nani kasema?"

"Nilikuwa ndani. Kwenu palikuwa kimya."

"Kumbe unatusikiliza!" Alionekana kufurahi kweli. "Mmakua anasikiliza!"

"Kwa nini ulisema vile?"

Alitafuna, akameza, akanywa maji. Nilidhani nitaambiwa juu ya mawe ya bondeni na mkewe, na pengine hiyo ndiyo ilikuwa sababu, au nusu yake.

"Liwali alikuuliza adui yako nani, ukakosa," alisema. "Mbele ya watu wote. Mtu amekaa kwetu miaka mitatu na hana hata wa kumchukia. Niliona aibu, mtani. Watu wa Masasi wangesemaje juu yetu?"

"Na nani aliuweka?"

"Mimi nitajuaje? Nilikuwa Kitangari." Akanirudishia sahani. "Muhogo wako haujaiva. Na neno hili lifie hapa, ama sivyo tutakwenda Lindi wote wawili, na mimi siwezi kulala chumba kimoja na Mmakua."

Likafia pale. Lakini kisa hakikufa. Miaka niliyobaki Newala, kila palipokuwa na harusi au kikao cha uraka, ile pombe nyepesi ya mabibo, au matanga, watu walimwomba jirani asimulie alivyomwekea Mwalimu mrija. Alisimulia vizuri, na kila mara aliongeza. Mara alijificha nyuma ya choo changu. Mara mjusi alimwuma kidole kwenye lundo la kuni. Na mimi ilibidi niwepo, maana kisa hakinogi bila mwenye kuwekewa. Walinifuata nyumbani wakanivuta mkono. Basi nilitoka. Nilijifunza kuketi katikati ya watu, nikashika kata ya uraka, nikacheka pale panapochekesha, na kutikisa kichwa pale ninapotakiwa kutikisa.

Ila sikuwahi kumtazama msimuliaji. Niliwatazama wanaosikiliza. Katika duara lile waliojua kwamba kisa ni cha uongo tulikuwa jirani, mkewe na mimi, na wa nne aliyeshika mrija kwa mkono wake mwenyewe, akaingia jikoni kwangu, akainua kuni, akaondoka. Alikuwa mtu wa palepale. Pengine alikuwa ameketi karibu nami, bega kwa bega. Nilipita uso kwa uso, nikitafuta anayecheka kabla ya wakati, au anayechelewa kidogo, au anayenitazama mimi badala ya jirani.

Wote walicheka vizuri, na kwa wakati wake.